Mwambie Ainuke Kutoka Chini

Nilikuwa mwaka wa tano wa masomo ya udaktari, na ilikuwa asubuhi ya pili sijalala. Usiku kucha mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa wodini tukikimbizana na dripu, sampuli za damu na kengele za wagonjwa. Kulipokucha hakuna aliyetuambia tukapumzike. Tulipelekwa moja kwa moja kliniki ya watoto, foleni imeshatoka nje ya mlango na kukata kona. Nikapewa meza, kiti na rundo la mafaili.

Akaingia mama na mwanawe wa kiume, miaka mitatu hivi. "Daktari, huyu anaangukaanguka," akaniambia. "Wenzake wakikimbia, yeye yuko chini. Na ngazi hapandi mpaka nimshike mkono." Nikamlaza mtoto kitandani. Nikamgonga magoti kwa kinyundo, nikamwambia anibane vidole, akabana huku anacheka. Mama akanionyesha mashavu ya miguu yake, yamejaa, magumu ukiyashika, akasema ndiyo maana haelewi: miguu ina nguvu hivi, mbona inamwangusha? Lile lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule, na sikulisikia. Nikaandika kwenye faili: "Mchangamfu, misuli imara, atabadilika akikua." Dakika nne. Nakumbuka kwa sababu kila mgonjwa alipotoka nilikuwa natupia jicho saa ya ukutani.

Miaka miwili ikapita. Nikiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali ileile, nilikuwa nimesimama nyuma ya daktari bingwa siku mtoto yule aliporudi. Sikumtambua. Bingwa hakushika kinyundo. Alimketisha sakafuni, akarudi nyuma hatua mbili, akamwambia, "Haya mwanangu, inuka." Mtoto akajigeuza kifudifudi, akaweka viganja chini, akainua makalio, kisha mkono mmoja ukashika muundi, ukapanda gotini, ukapanda pajani, na wa pili ukafuata, mpaka akajisukuma wima. Alikuwa anaukwea mwili wake mwenyewe. Chumba kizima kilinyamaza. Bingwa akafungua faili kutafuta historia ya ugonjwa, na ukurasa uliofunguka ulikuwa na mwandiko wangu.

Dalili ile inaitwa ishara ya Gowers, kwa jina la William Gowers, daktari Mwingereza wa karne ya 19 aliyeieleza. Haihitaji mashine, haihitaji hata kumgusa mgonjwa. Misuli ya nyonga na mapaja imeshalegea, kwa hiyo mikono inafanya kazi ya miguu. Na yale mashavu ya miguu yaliyojaa hayakuwa nguvu. Misuli inapokufa, mafuta na tishu za kovu huchukua nafasi yake, mguu ukaonekana mnene huku unadhoofu. Kipimo kimoja cha damu, cha kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, kingetosha kunishtua, maana kwa mtoto mwenye Duchenne, ugonjwa wa jeni unaoharibu misuli ya wavulana polepole, na ndio aliokuwa nao yeye, kimeng'enya hicho hupanda mara makumi juu ya kiwango cha kawaida. Wala si kipimo cha maabara ya utafiti. Ni cha kila siku.

Kisa hiki nawasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka kuna anayeuliza kama nilikuwa sijafundishwa. Nilikuwa nimefundishwa. Ishara ya Gowers niliijua, na niliijibu sawasawa kwenye mtihani. Asubuhi ile nilikuwa na elimu yote iliyotakiwa na sikuwa na macho ya kuitumia. Tangu siku faili lile lilipofunguka nimekuwa nikiamini jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: wanaopanga idadi ya madaktari, wanaohangaikia afya ya wanafunzi wa udaktari, na wanaotafiti magonjwa ya neva na misuli wamekaa vyumba vitatu, kila kimoja na ajenda yake, ilhali wote watatu wanategemea kitu kimoja. Wanategemea kuwepo kwa mtu mwenye muda na akili iliyotulia mbele ya mtoto yule wakati anainuka kutoka chini.

Kuchelewa kule hakukuwa kwangu peke yangu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba wavulana wenye Duchenne walikuwa wakitambuliwa wakiwa na karibu miaka mitano kwa wastani, kama miaka miwili na nusu tangu mtu wa karibu alipoona dalili ya kwanza. Nchi yenye maabara na mabingwa wengi kiasi kile, na bado ni miaka miwili na nusu. Kwa wagonjwa wa ALS, ule ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli kwa mtu mzima, hupita takriban mwaka mzima kati ya dalili ya kwanza na jibu, na wengi wao huishi miaka miwili hadi mitano tu tangu dalili ianze. Piga hesabu mwenyewe uone ni sehemu gani ya maisha yaliyobaki inaishia kwenye mabenchi ya kusubiri.

Zamani kuchelewa kulikuwa na kisingizio. Hata ukijua mapema, watu walisema, utafanya nini? Kisingizio hicho kimekufa, na kilichokiua kwanza ni ugonjwa wa SMA. Katika SMA, mtoto huzaliwa na kasoro kwenye jeni iitwayo SMN1, ambayo timu ya Judith Melki huko Ufaransa iliitambua mwaka 1995. Bila jeni hiyo kufanya kazi, neva za uti wa mgongo zinazoamuru misuli hufa moja baada ya nyingine. Wenye aina kali zaidi, bila tiba, wengi walikuwa hawafikishi miaka miwili. Lakini binadamu tuna jeni ya pili inayofanana nayo, SMN2, ambayo hutengeneza protini ileile kwa kiasi kidogo mno kwa sababu seli huruka kipande kimoja cha maagizo yake inapoyasoma. Watafiti wakajiuliza: je, tukiizuia seli isiruke? Jibu likawa dawa ya nusinerseni, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016. Mwaka 2019 ikaja tiba ya jeni, inayoingiza nakala nzima ya jeni mwilini kwa kutumia kirusi kilichotolewa makali, na mwaka 2020 ikafuata dawa ya kunywa.

Sasa sikiliza sehemu inayoninyima usingizi. Kulikuwa na jaribio moja ambamo watoto 25 wachanga wenye kasoro hiyo walianza nusinerseni kabla hawajaonyesha dalili yoyote. Matokeo yalipochapishwa, wote 25 walikuwa hai, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiishi kwa kutegemea mashine ya kupumulia. Mtoto mwenye kasoro ileile akianza dawa ileile baada ya kulegea, anapata nafuu, lakini neva zilizokwisha kufa hazifufuki. Dawa ni moja na jeni ni ileile. Wanachotofautiana ni siku mtu alipotazama. Ndiyo maana nchi kadhaa sasa zinawapima watoto wote kwa tone la damu ya kisiginoni wanapozaliwa, na mimi naunga mkono kwa nguvu zangu zote. Ila kipimo cha kisiginoni hakigusi kila ugonjwa, na hata kikigusa, lazima awepo mtu upande wa pili wa karatasi ya majibu, anayejua maana yake na mwenye nafasi ya kumpokea mtoto juma hilohilo.

Watu hudhani utafiti huanzia maabara. Utafiti wa magonjwa haya, mara nyingi, umeanzia kando ya kitanda. Chukua miastenia gravisi, ugonjwa wa misuli inayochoka upesi: mgonjwa anaamka mzima, jioni kope zimeanguka, maneno yanamtokea puani, tonge halimezeki. Mwaka 1672 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika habari za mwanamke aliyekuwa akiongea vizuri, lakini akishaongea kwa muda mrefu huwa bubu kama samaki, asitoe neno mpaka saa moja au mbili zipite. Tazama Willis alifanya nini. Alikaa. Aliyemsikiliza mama yule dakika nne angeondoka akiamini kwamba hana tatizo.

Kisha kuna Mary Walker, ambaye ningependa kila mwanafunzi wa udaktari ajue jina lake. Mwaka 1934 alikuwa daktari wa kawaida katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, hospitali ya watu maskini. Hakuwa profesa na hakuwa na maabara. Wodini kwake alikuwa na mgonjwa wa miastenia, na bingwa mmoja aliyekuwa akipita pale, Derek Denny-Brown, alimwambia kwamba ugonjwa ule unafanana na sumu ya kurare, ile inayolegeza misuli na kupakwa kwenye mishale huko Amerika Kusini. Wengine wangeitikia kwa kichwa na kusogea kitanda kinachofuata. Walker alilibeba wazo lile akalifikiria mpaka mwisho. Kama ni kama kurare, basi dawa inayotengua kurare huenda ikamsaidia mgonjwa huyu. Akamdunga fizostigmini. Kope lililokuwa limeanguka likainuka, na kumeza kukawa rahisi. Baada ya saa chache dawa iliisha nguvu na kope likarudi chini, lakini kitendawili kilikuwa kimeshateguliwa: hitilafu iko pale neva inapokutana na misuli. Akaandika barua fupi kwa jarida la Lancet. Dawa za ukoo huohuo wagonjwa wetu wanazimeza hadi leo.

Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1973, Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwachanja sungura kwa protini waliyoitoa kwenye mkunga wa umeme, samaki yule mwenye shoti. Nia yao ilikuwa kupata kingamwili za kuchunguza protini hiyo. Sungura wakalegea. Wangeweza kuwatupa na kuanza upya. Wao wakawatazama, wakaona wanafanana na wagonjwa wa miastenia, wakawapa dawa ya ukoo ule wa Walker, na sungura wakapata nguvu. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba katika miastenia mwili hujishambulia wenyewe. Naileta habari hii kwa sababu inafanana na ile ya wodini: kuna mtu aliyeona kitu asichokitarajia, na alikuwa na nafasi ya kukifuata.

Mgonjwa wa miastenia ukimpima mara moja, asubuhi, utaandika kwamba hana tatizo. Lazima umwambie atazame juu, au ainue mkono, uhesabu, umwambie tena, uhesabu tena. Nalikumbuka hilo kila ninaposoma mpango wa kitaifa wa mahitaji ya madaktari, wa nchi yoyote, kwa sababu mipango mingi niliyoisoma hupima mara moja. Leseni ngapi zimetolewa, gawanya kwa idadi ya watu, linganisha na lengo. Hakuna anayehesabu mkono unapoinuka mara ya kumi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Marekani, kwa sababu kila kitu kimeandikwa. Mwaka 1980 kamati iliyoteuliwa na serikali yao ilitoa ripoti ikitabiri kwamba nchi ingekuwa na ziada ya madaktari 70,000 ifikapo 1990, na 145,000 ifikapo mwaka 2000. Ikapendekeza vyuo vipunguze wanafunzi. Kwa takriban robo karne idadi ya wahitimu wa vyuo vyao ikabaki pale pale, huku sensa ikipanda kutoka watu milioni 226 mwaka 1980 hadi milioni 281 mwaka 2000. Mwaka 1997 sheria ikaweka kikomo kwa nafasi za mafunzo ya ubingwa zinazolipiwa na bima ya serikali ya wazee. Halafu mwaka 2006 chama cha vyuo vya udaktari kikageuka na kutaka udahili uongezwe kwa asilimia 30. Na mwaka 2024 chama hichohicho kikakadiria upungufu unaoweza kufika madaktari 86,000 ifikapo 2036.

Siwabezi waliokaa kwenye kamati ile. Daktari unayemdahili leo atasoma miaka minne hadi sita, afanye mafunzo kwa vitendo, asome ubingwa miaka minne au zaidi, na akitaka kubobea kwenye neva na misuli aongeze mwaka mmoja au miwili. Atasimama peke yake kliniki baada ya miaka kumi na kitu. Kosa la kikao kimoja linaonekana waliolifanya wameshastaafu, na kulisahihisha kunachukua muda uleule. Kwa hiyo naona ni haki kudai kwamba mpango wa namna hii ufunguliwe na kupimwa upya kila baada ya miaka michache, kama tunavyompima mgonjwa.

Lakini kuna jambo lingine ambalo hesabu ya vichwa hailioni, na magonjwa haya yanalionyesha kuliko mengine. Mahitaji ya kesho huwa yanakadiriwa kwa mahudhurio ya jana. Mvulana ambaye hakuna aliyemwambia ainuke hayumo kwenye mahudhurio ya kliniki ya neva. Kwa mpangaji, hajazaliwa. Uhaba wa madaktari unaficha wagonjwa, na wagonjwa waliofichika wanautetea uhaba. Shirika la Afya Duniani, katika atlasi yake ya mwaka 2017 ya magonjwa ya mfumo wa neva, liliweka wazi tofauti: katika nchi za kipato cha juu kulikuwa na wataalamu wa mfumo wa neva, wapasuaji wakiwemo, wapatao 7 kwa kila watu 100,000, na katika nchi za kipato cha chini 0.1. Mtu akisoma mahudhurio ya kliniki za nchi hizo za chini anaweza kudhani kwamba magonjwa haya hayapo huko.

Na upande wa pili, wanaopona kifo cha utotoni. Zamani wavulana wa Duchenne wengi walikufa kabla ya kumaliza ujana wao. Dawa za steroidi, mashine za kusaidia kupumua usiku na uangalizi wa moyo vimewafikisha wengi miaka ya ishirini na thelathini. Mafanikio makubwa, nami nimeyashuhudia. Ila kijana akifikisha miaka kumi na minane anahamishiwa kwa madaktari wa watu wazima ambao maishani mwao hawajawahi kumwona mgonjwa wa Duchenne, kwa sababu katika vitabu walivyosomea huo ulikuwa ugonjwa wa watoto. Nani aliwapangia? Watoto wa SMA waliookolewa nao wako njiani. Kila dawa mpya ni miaka ya mwanadamu inayohitaji daktari, na sijaona jedwali lenye safu ya hilo.

Wala daktari peke yake hatoshi. Utafiti mmoja wa Ireland uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha wagonjwa wa ALS waliohudumiwa katika kliniki ya pamoja, yenye daktari wa neva, mfiziotherapia, mtaalamu wa kumeza na kuongea, mtaalamu wa lishe na wengine, na wale waliofuatwa kwenye kliniki ya kawaida. Wa kliniki ya pamoja waliishi zaidi kwa miezi 7 na nusu hivi. Riluzoli, dawa ya kwanza ya ALS, iliyoidhinishwa mwaka 1995, huongeza miezi miwili mitatu. Ukipanga madaktari na kumsahau mfiziotherapia, umeacha mezani dawa iliyo bora kuliko ile uliyoinunua.

Niliyasema haya kwenye kikao kimoja cha kupanga mahitaji ya madaktari ambacho niliitwa kama mtu wa kliniki. Nikaomba tuongeze safu mbili: dakika kwa mgonjwa, na saa za zamu. Ofisa aliyekuwa akiongoza alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Dokta, huo ni ubora. Hapa tunashughulika na wingi." Nikamweleza habari ya faili lile. Alikaa kimya kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake, kikao kikaendelea. Safu hazikuongezwa. Nimeshaomba nafasi kikao kijacho.

Sasa nije kwa wanafunzi, kwa sababu ndio watakaoketi kwenye kile kiti.

Mwaka 2016 Lisa Rotenstein na wenzake walikusanya tafiti kutoka nchi zaidi ya 40, zenye wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000. Asilimia 27.2 walikuwa na sonona au dalili zake. Asilimia 11.1 walikuwa wamepitiwa na mawazo ya kujiua. Na kati ya waliokuwa na dalili za sonona, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Wanaosomea kutibu, na hawatibiwi. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia wagonjwa, kisha tunawalea wanafunzi wetu katika kuficha.

Mwanafunzi wangu mmoja alikosa kliniki Jumatano tatu mfululizo. Aliporudi nikamwita pembeni, nikidhani nitamkaripia. Akasimama mbele yangu, koti limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni, akasema, "Dokta, nilikuwa nafika mpaka getini, halafu miguu inagoma." Alikuwa hajalala vizuri kwa miezi. Hakuwa amemwambia mtu kwa kuogopa kwamba ikiandikwa mahali, siku ya kuomba leseni itamrudia. Nilimuuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Akajibu kwamba hakuna aliyemwambia, ila kila mtu anajua.

Jibu la vyuo vingi kwa hali hii ni kuongeza mhadhara. Siku moja kwa muhula anakuja mtaalamu kuwafundisha kupumua polepole na kupanga muda wao, na mhadhara wenyewe unawekwa saa kumi na mbili jioni, baada ya zamu. Namheshimu mtaalamu huyo. Mbinu zake zinasaidia. Lakini mwanafunzi aliyekesha hahitaji kufundishwa faida ya usingizi. Mahali palipojaribiwa kitu kikubwa zaidi ni Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, ambako kuanzia mwaka 2009 Stuart Slavin na wenzake waligusa ratiba yenyewe. Waliacha alama za ushindani katika miaka ya mwanzo na kubakiza kufaulu au kutofaulu, wakapunguza saa za darasani, wakawapa wanafunzi muda wa kufuata jambo wanalolipenda, wakawaweka katika vikundi vya kusoma na kulelewa pamoja. Dalili za sonona na wasiwasi zikashuka sana, na matokeo ya mitihani hayakuharibika. Hawakuwabadilisha wanafunzi. Walibadilisha juma lao.

Kuna utafiti mwingine, wa Mohammadreza Hojat na wenzake huko Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2009. Walipima huruma ya wanafunzi kwa wagonjwa mwaka hadi mwaka, wakakuta inaporomoka mwaka wa tatu, yaani mwaka uleule wanapoanza kukutana na wagonjwa kwa wingi. Niliposoma hayo nilimkumbuka mama yule na swali lake kuhusu miguu. Mwaka wangu wa kwanza wa chuo ningelisikia. Ningemuuliza maswali kumi, mengine ya kijinga, na pengine mojawapo lingemfanya mtoto ashuke kitandani.

Oktoba 2017, huko Chicago, Chama cha Madaktari Duniani kilirekebisha Azimio la Geneva, kiapo chake cha tangu 1948, kikaongeza ahadi kwamba daktari ataitunza afya yake, ustawi wake na uwezo wake ili atoe huduma ya kiwango cha juu kabisa. Naipenda kwa sababu imefunga fundo pale panapostahili: afya ya daktari imetajwa kwa ajili ya mgonjwa. Kiapo hicho wanaapa wanafunzi. Natamani wanaopanga zamu nao wangeapa.

Kijana yule wa kwanza bado yuko hai. Anatumia kiti cha magurudumu cha umeme, usiku anapumua kwa msaada wa mashine, na anasoma. Mama yake anajua kwamba mwandiko ule ulikuwa wangu. Nilimwambia mwenyewe, miaka mingi iliyopita. Alinyamaza, akauliza kama ningejua mapema kungekuwa na tofauti. Nikamjibu ukweli: ugonjwa usingeondoka, lakini steroidi zingeanza mapema, huenda angetembea kwa muda mrefu zaidi, na yeye mama asingelaumiwa miaka miwili kwamba anamdekeza mtoto. Akasema hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuuma zaidi.

Kliniki yangu ya Jumatano nimeibadilisha kwa kadiri nilivyopewa ruhusa. Mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku haji; akija namrudisha akalale, na jina lake haliandikwi popote. Kila mmoja anapewa mgonjwa mmoja kwa asubuhi nzima. Kuna mkeka sakafuni. Foleni imekuwa ndefu kidogo na nimeshaitwa kujieleza mara mbili.

Juma lililopita yule mwanafunzi wa kalamu tatu, ambaye sasa anatibiwa na analala, alikuwa amekaa na mzee mmoja aliyeletwa kwa sababu ya "uzee na uvivu wa macho". Alikuwa amevuta kiti karibu kabisa. "Mzee, naomba utazame kidole changu, usikiache," alisema, akakiinua juu ya paji la uso wake na kuanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Nilikuwa mlangoni, nikasimama. Alifika arobaini bila kope kutikisika. Alifika hamsini. Foleni ilikuwa inasukumana nyuma yangu. Hakugeuka kunitazama, hakutazama saa. Ilipofika sitini na tatu kope la kushoto likaanza kushuka, taratibu, likafunika mboni. Akamwambia mzee apumzike, akamwachia dakika mbili, kisha akainua kidole tena na kuanza upya kutoka moja.